Wanaokuja kuaga barafu ya Kibo

Tangu Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi barafu za milimani, na kuitenga Machi 21 kuwa siku yake ya kila mwaka, matangazo ya safari za Kilimanjaro yamebadilika sauti. Zamani mgeni aliitwa aje apande mlima mrefu kuliko yote Afrika. Sasa anaitwa awahi. Njoo uione barafu kabla haijaisha, watoto wako hawataikuta, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Maneno hayo nimeyasoma kwenye vipeperushi vinavyogawiwa Arusha, nimeyasikia hapa Moshi kwenye vikao vya jioni ambapo wageni hupewa maelezo kabla ya kuondoka kesho yake, na siku hizi hata vijana wanaotafuta wageni mitaani wanayajua kwa moyo. Mlima umegeuzwa kuwa na msiba, na dunia inaitwa ije kuaga.

Naona habari hii imeeleweka vibaya, na walioielewa vibaya si wageni peke yao. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaisha kweli, na mwenye uwezo wa kwenda kuiona aende. Lakini tukiendelea kuiuza kwa kumtia mtu hofu ya kuikosa, tunamdanganya mgeni kuhusu anachokwenda kuona, tunajidanganya sisi wenyewe kuhusu kinachotishia maisha yetu huku chini, na siku itakapoisha tutabaki na biashara ambayo haina tena la kusema. Cha kumwonyesha mgeni ni mlima mzima, kuanzia msituni, na barafu ielezwe jinsi ilivyo na watu wanaoijua.

Hesabu zenyewe hazina utata mkubwa. Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipoipima Kibo mwaka 1912, barafu ya kudumu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Picha za setilaiti za 2021 na 2022 zimeikuta ikiwa karibu kilomita moja ya mraba, yaani eneo ambalo kama lingekuwa shamba tambarare ungelizunguka kwa miguu kwa saa moja na kurudi nyumbani kunywa chai. Na hata hilo haliko pamoja, limegawanyika vipande. Uwanda wa barafu wa kaskazini, ambao ndio mkubwa kuliko mingine, ulikutwa mwaka 2012 umepasuka katikati kiasi cha mtu kuweza kupita kwa miguu kati ya kipande na kipande. Barafu ya Furtwängler, ile ya ndani ya kreta, shimo la volkeno la kileleni, ambayo wapandaji wengi wa zamani walipiga picha mbele yake, imebaki mabaki madogo tu.

Penye utata ni tarehe, na hapo ndipo maneno mengi yanapoanzia. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ilipandisha mitambo hadi juu, ikatoboa barafu mpaka kwenye mwamba. Mwaka 2002 ikatoa makadirio kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita na barafu bado ipo. Novemba 2022 UNESCO ikasema kwamba kati ya maeneo 50 ya Urithi wa Dunia yenye barafu za milimani, theluthi yataipoteza kufikia 2050, na Kilimanjaro imo. Kwa hiyo ukikaa kwenye kijiwe chochote cha wapanda mlima hapa Moshi utasikia mzee mmoja akisema: walituambia 2020, mbona ipo, hawa wazungu wanatutisha tu. Na karibu naye kuna mwenye ofisi anayechukua tarehe mpya ya 2050 na kuibandika kwenye tangazo lake. Mimi naona hawa wawili wanakosea kosa lile lile. Wote wanaishika tarehe na kuacha maelezo. Makadirio ya 2002 yalivuta mstari ulionyooka kutoka kasi iliyokuwapo wakati ule, na barafu nene ya kaskazini imechelewa kidogo kuliko mstari ule. Mkunga akikosea wiki ya kujifungua, mimba haifutiki.

Kuna sababu nyingine ya kutoelewana, nayo imo kwenye vinywa vyetu. Tunasema barafu tukimaanisha vitu viwili. Mvua za vuli zikinyesha vizuri, asubuhi moja ya Novemba mawingu yanafunguka na Kibo inaonekana nyeupe mpaka mabegani. Simu zote za Moshi zinaelekezwa huko, na kabla ya saa nne, mawingu yakiwa hayajarudi, picha zimeshazunguka zikiwa na maneno kwamba barafu imerudi. Iliyorudi ni theluji. Imeanguka usiku, itakaa siku kadhaa au wiki kadhaa, itaondoka. Barafu ya kudumu ni theluji ya miaka mingi sana iliyolaliana na kushindiliana mpaka ikawa kama jiwe, na haiwezi kurudi kwa mvua ya msimu mmoja. Mkanganyiko huu ni wa zamani. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona weupe wa Kibo Mei 11, 1848, aliandika kwamba aliyekuwa akimwongoza aliuita baridi tu. Rebmann huyo aliandika pia kisa alichosimuliwa, cha mangi (mtawala) wa Machame aliyetuma watu wakalete ile inayong'aa juu, akidhani huenda ni fedha, na aliyerudi akarudi na viungo vilivyoharibiwa na baridi. Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinasema jambo ambalo vitabu vya wasafiri huruka. Safari ya kwanza kusimuliwa ya kwenda kuiangalia barafu ya Kibo ilikuwa ya watu wa hapa, nayo ilitangulia kwa miaka mingi ile ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 1889. Leo mabamba ya barafu yanaitwa Rebmann, Kersten, Decken, Heim, Credner, Drygalski. Hakuna hata moja lenye jina la kwetu.

Sasa tuingie kwenye chanzo, kwa kuwa ndicho kinachopotoshwa kuliko vyote. Wengi tunadhani barafu ya Kibo inayeyuka kama kipande kilichoachwa juani, maji yanachuruzika, yanaingia mtoni, yanafika kwenye bomba. Kwa sehemu kubwa sivyo. Kule juu wastani wa joto la hewa uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri mwaka mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, akina Georg Kaser na Thomas Mölg, pamoja na Nicolas Cullen, wameonyesha kwamba barafu ile inaliwa hasa na jua kali na hewa kavu, ikigeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mama anayeuza barafu za ubuyu analijua jambo hili bila kusoma popote. Vipakiti vikikaa wiki nyingi kwenye friji vinasinyaa na kupungua ingawa havikuyeyuka hata siku moja. Tatizo la Kibo ni kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 Afrika Mashariki ilipoingia kwenye kipindi kikavu zaidi, theluji mpya ya kuifunika barafu imekuwa haitoshi. Theluji ni nyeupe sana, hurudisha jua lilikotoka. Barafu iliyozeeka na kushika vumbi hulinywa.

Nimewahi kufika kwenye ukuta wa barafu ya kaskazini mara moja, miaka kadhaa iliyopita, nikifuatana na binamu yangu aliyekuwa kiongozi msaidizi wa mgeni mmoja tu, mwalimu kutoka Kanada. Tulitoka kambi ya kreta alfajiri na kuvuka mchanga mweusi wa volkeno ambao kila hatua unarudisha nusu ya ulichopiga. Ukuta ulikuwa umesimama wima kama uliokatwa kwa msumeno, rangi yake si nyeupe bali buluu hafifu, na ndani yake kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja mnene kuliko mingine, ya vumbi lililoanguka wakati ambao hakuna anayeukumbuka. Mgeni alivua glavu akaweka kiganja. Kisha akainama kutazama chini ya ukuta, mahali ambapo ungetarajia dimbwi au japo tope, akakuta mchanga mkavu ambao ungeweza kuuchota kwa mkono. Akauliza: maji yako wapi? Binamu yangu akamjibu kwamba yanaingia ardhini na kutokea Moshi kwenye mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba. Alijibu alivyofundishwa, na mimi wakati ule ningejibu hivyo hivyo. Wala tusimlaumu, maana hata kwenye hotuba za viongozi ndivyo inavyosemwa.

Na hapa ndipo zinapotokea hoja mbili dhaifu zinazopendwa sana. Ya kwanza inasema nyayo za wageni ndizo zinazoimaliza barafu, kwa hiyo mlima ufungwe au wageni wapunguzwe. Lakini njia zote za kawaida, Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, zinakwenda kileleni bila kukanyaga barafu ya kudumu, na barafu ilianza kurudi nyuma wakati kilele kilikuwa hakijawahi kufikiwa na mgeni yeyote. Ya pili ina nia njema zaidi, ndiyo maana ni vigumu kuipinga hadharani. Inasema tupande miti mingi kwenye miteremko na barafu itarudi. Mwaka 2012 Mölg na wenzake walichapisha utafiti uliopima jambo hilo hasa, wakakuta kwamba mabadiliko ya misitu ya hapa yana mchango mdogo katika kupungua kwa barafu ya kileleni. Unyevu unaofika mita 5,800 unaamuliwa zaidi na Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inaamuliwa na joto la dunia nzima. Miti tupande, tena mingi. Lakini ukimwahidi mtoto wa shule ya Kibosho kwamba mche wake utarudisha barafu, siku atakapokuwa mtu mzima na barafu haipo, ataamini kwamba kupanda miti hakufai kitu.

Miti ina kazi yake, na ni kubwa kuliko barafu. Atakayebisha atazame Arusha. Mlima Meru una mita 4,566 na hauna barafu ya kudumu hata kiganja kimoja. Hata hivyo jiji lile na mashamba yote ya Arumeru yanaishi kwa maji ya mlima huo, kwa sababu una msitu unaokamata mvua na ukungu. Kilimanjaro inafanya vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Mvua nyingi ya upande wetu wa kusini inaangukia ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200, na kutoka hapo kwenda juu inapungua kwa haraka mpaka kileleni ambako ni jangwa la baridi. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeuchunguza msitu huu kwa miongo kadhaa, amekuwa akieleza jambo hilo hilo. Moto unaoteremsha mpaka wa juu wa msitu unaondoa maji mengi zaidi kuliko yanayoweza kutoka kwenye barafu iliyobaki. Anayeshuka njia ya Mweka siku ya mwisho anaweza kuliona mwenyewe. Chini kidogo ya mita 3,100 anaingia kwenye miti ya erika yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Hakuna mvua, ni ukungu tu unapita, lakini chini ya kila mti ardhi imelowa na kofia inadondokewa. Ukisogea hatua kumi mahali palipoungua, ukungu ni ule ule, na ardhi ni kavu.

Maji hayo ndiyo yanayofika kwenye mfongo. Ukipanda Old Moshi mapema asubuhi siku ya zamu utakuta wanaume wawili watatu kwenye banio, suruali zimekunjwa magotini, wanaziba mwanya kwa magogo ya migomba na udongo mfinyanzi ili maji yasirudi korongoni. Mmoja anapima kwa macho kama yanatosha kufika shamba la chini kabla ya saa za mwenzake kuanza. Ugomvi wa zamu umeongezeka, kila familia yenye kihamba, shamba la ukoo, italisimulia hilo. Tukiwaambia watu hawa kwamba maji yao yanapungua kwa sababu barafu inaisha, tunawaambia kwamba hawana la kufanya isipokuwa kusikitika na kuitazama Kibo. Tukiwaambia ukweli kwamba yanatoka msituni, tunawapa mahali pa kushika.

Hata sheria yetu iliwahi kuuona mlima kutokea juu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973 ilichukua kilomita za mraba 756, karibu zote zikiwa juu ya mita 2,700. Msitu uliobaki nje uliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005 tu, baada ya miaka mingi ya magogo kutoka usiku. Kisha tazama Oktoba 2020. Moto ulioanzia Whona, kwenye njia ya Marangu, uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 za uoto wa juu kabla ya kudhibitiwa. Hilo ni eneo karibu mara nane ya barafu yote iliyopimwa mwaka 1912, na karibu mara mia ya iliyobaki sasa. Liliondoka ndani ya muda mfupi, na askari, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wanavijiji wakipigana na moto kwa matawi. Oktoba 2022 moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga. Sijawahi kuona tangazo la safari linalomwambia mgeni awahi kuuona msitu wa erika kabla haujaungua.

Wanaotetea matangazo haya wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema mlima huu unalisha watu. Mgeni analipa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa kila siku kabla ya kodi, na nyuma ya mgeni mmoja kuna kiongozi, mpishi na wagumu (wapagazi) watatu wanne, kila mmoja na mzigo usiotakiwa kuzidi kilo 20 na watoto wanaosubiri karo Januari. Kama neno la kuwahi linaleta wageni, nani alipinge akiwa ameshiba? Wanasema pia kwamba anayeiona barafu kwa macho yake hurudi kwao akiwa amebadilika, akawa shahidi wa dunia inavyopata joto. Hoja ya kwanza ni ya kweli na sitaidharau, nusu ya ukoo wangu umelelewa na mlima. Ya pili naikubali kwa kiasi. Wapo wageni wa namna hiyo, yule mwalimu wa Kanada ni mmoja wao. Lakini ndege ya kumleta mtu kutoka London hadi uwanja wa ndege wa KIA na kumrudisha inatoa hewa ukaa zaidi ya tani moja kwa kila abiria, na ushahidi anaourudisha kwao unategemea aliambiwa nini alipokuwa huku. Akiambiwa kwamba ukuta mkavu ule unanywesha migomba ya Moshi, ushahidi anaoubeba ni wa uongo.

Na mara nyingi hata hauoni huo ukuta. Hili wauzaji wanalijua. Mgeni wa kawaida anaondoka kambi ya Barafu au Kibo saa tano au sita usiku, anatembea gizani akitazama visigino vya aliye mbele, anafika Stella Point au Gilman's kunapopambazuka, anajikokota hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Pembeni anaona mabaki ya barafu ya kusini yakishika rangi ya jua. Anakaa dakika 15 au 20, vidole haviwezi kubonyeza kamera, kisha anaambiwa ashuke, na kushuka huko ni sahihi kabisa. Kuifikia barafu yenyewe ni safari nyingine. Inataka siku nane au zaidi za kuzoea hewa, kisha usiku mmoja kwenye kreta, mita zaidi ya 5,700, ambako oksijeni ni nusu ya ile ya Tanga. Mtu aliyeuziwa siku tano kwa bei rahisi na kuahidiwa barafu ameuziwa hatari. Mapafu hujaa maji, ubongo huvimba, na mtu aliyekuwa anacheka jioni hajui jina lake alfajiri. Kukimbizana na barafu kunamfanya mtu akatae kugeuka wakati kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasema ageuke, kwa kuwa ameambiwa hakuna mara ya pili.

Barafu inayorudi nyuma nayo inaacha mawe ambayo ilikuwa imeyashika. Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach juu ya kambi ya Arrow Glacier, maporomoko ya mawe yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ilifungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007 kwa masharti. Ndiyo njia fupi ya kuifikia kreta, na ndiyo inayopendekezwa kwa wenye kiu ya barafu. Kiongozi anayeijua kazi yake huipita mapema, mawe yakiwa bado yameganda, na akishafika juu hamruhusu mgeni kukaa chini ya ukuta kwa ajili ya picha. Kuta zile huvunjika bila kupiga hodi.

Wanaohofia kwamba barafu ikiisha wageni wataisha waangalie wenzetu. Chacaltaya, Bolivia, walikuwa wakiuza kuteleza juu ya barafu. Barafu ilipokwisha mwaka 2009 hawakuwa na kingine cha kuuza. Pastoruri, Peru, wageni walipungua sana barafu ilipopungua, lakini wakaamua kuigeuza njia yenyewe kuwa darasa. Mgeni anatembezwa kwenye miamba iliyofunuliwa, anaonyeshwa barafu ilipokuwa mwaka fulani na fulani, anaeleweshwa maji yanakwendaje. Karibu zaidi, Mlima Kenya umebaki na barafu ndogo mno na watu bado wanapanda kilele chake cha Point Lenana. Kibo nayo itabaki kuwa kilele cha Afrika hata ikiwa kavu. Wengi wa wanaokuja wanakuja kwa ajili ya urefu, na urefu hauyeyuki.

Kwa hiyo cha kufanya kipo, na kinaanzia ofisini kabla ya kufika getini. Mwenye kampuni anayeuza safari ya barafu aandike wazi ni siku ngapi, inapitia wapi, na kwamba njia ya kawaida haifiki huko. Mafunzo ya waongozaji yaingize somo la barafu, theluji na maji, kwa Kiswahili kwanza ndipo kwa lugha za wageni. Chuo cha Mweka kipo hapo juu yetu tangu 1963, na kituo cha hali ya hewa ambacho Doug Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alikiweka kwenye barafu ya kaskazini mwaka 2000 kimetoa takwimu za miaka mingi zinazoweza kufundishiwa. Kwenye njia, vibao viwekwe mahali barafu ilipofika 1912 na ilipo leo, na vingine mahali msitu uliungua 2020. Binamu yangu hakusubiri vibao. Siku ya kushuka Mweka huwasimamisha wageni kwenye erika, wakiwa wamechoka na wanawaza cheti na bia, akatoa kikombe cha bati na kukiweka chini ya tawi lenye ndevu. Dakika kumi. Kisha huwaonyesha kilichomo, na kuwaambia kwamba hayo ndiyo maji ya nyumbani kwake, na kwamba siku ile kwenye kreta alimwambia mgeni vibaya.

Sehemu ya ada ya kila mgeni itengwe kwa jambo moja linalojulikana: walinzi wa moto wa kudumu kutoka vijiji vinavyopakana na msitu, wenye mishahara, redio, mabuti na pampu za mgongoni, wakiwa wamepandishwa juu mwezi Juni kabla nyasi hazijakauka na kukaa mpaka mvua za vuli zishike. Idadi yao na kambi zao vibandikwe kwenye kila geti, Marangu, Machame, Umbwe, Londorossi, Rongai, ili anayelipa asome na mwanakijiji naye asome. Mwaka 2020 tulipandisha wanafunzi na matawi moto ukiwa umeshavuka njia.